Mashine ndogo na nzito, ndiyo tunaitaka



Msimu uliopita tulitengenezesha mizinga ya Langstroth kwa mafundi wawili hapa Lubumbashi. Kwa macho yote ilikuwa mizuri. Lakini fremu za huyu hazikuingia kwa sanduku za yule, na zile zilizoingia nyuki walizigandisha. Nyuki hana huruma: kati ya fremu na ukuta anataka nafasi ya milimita 6 mpaka 9. Ikizidi anajenga masega pale, ikipunguka anaziba. Siku ya kuvuna tulivunja masega, asali ikamwagika chini.

Ndiyo maana tunawaunga mkono vijana wetu wanaotaka kujenga mashine ya kukata mbao yenye kuongozwa na ordinateri. Kinachotugawanya ni ukubwa. Wengi wanataka meza ya kuingiza triplex nzima, mita 2.44 kwa 1.22, “tukate na milango, na vitanda, tupate franga.” Siye tunasema hapana. Upande mrefu wa sanduku la mzinga ni kama sentimita 51. Nafasi ya kukata ya sentimita 60 inatosha.

Tusikilizane kwa hesabu. Lile daraja la chuma linalobeba motere, ukilirefusha mara 2 bila kulinenepesha, linapinda mara 8 kwa nguvu ile ile. Mara 8! Kwa pesa tuliyo nayo, mashine kubwa itakuwa ya kutetemeka. Ordinateri itaamuru milimita 10, kisu kitakata 11, na tutarudi kwa mizinga ya msimu uliopita.

Kuna wanaosema mwili uwe wa mbao juu bei iko kidogo. Mbao inavimba na mvua ya Desemba, inakauka Agosti. Vipimo vitahama nayo. Aluminiumu ya madirisha nayo, kwa unene ule ule, inapinda karibu mara 3 kuliko chuma. Tuchukue tibu za chuma za kare, zilizofungwa pande zote nne, si korniere, maana korniere inajikunja kama ukili.

Na tusiharakishe. Chuma kikichomelewa, kikipoa kinajivuta. Kwa hiyo tuchomelee kwanza, tupime mkingamo kona kwa kona kama tunavyopima msingi wa nyumba, tunyooshe pale reli zitakapokaa, halafu ndipo reli zifungwe. Kazi hiyo vijana hawaijui, na si kosa lao. Mwaka 2003 watu zaidi ya 10,000 walitoka Gécamines kwa depa volontere, na wengi walishika jembe. Kama kati yetu kuna mzee aliyekuwa ajisteri au turneri, tunamwomba ajitokeze. Tena alipwe, tusimpe asante tu.

Kwa mkutano ujao tunapendekeza pesa ya kwanza iende kwa chuma na reli, motere ije mwisho. Kabla ya kuwasha kuranti, mzee aweke komparateri kwenye daraja, kijana alisukume kwa nguvu ya kilo 10. Sindano ikipita moja ya kumi ya milimita, tuongeze chuma, tujaribu tena.