Vitabu vya Hoek vifike kwenye maduara

Januari 21, 1960, nguzo za makaa ya mawe zilizoachwa kushikilia paa la mgodi wa Coalbrook, Afrika Kusini, zilisagika. Wachimbaji zaidi ya 430 walifukiwa, na miili yao haikutolewa. Nguzo iwe nene kiasi gani ndipo ihimili mzigo wa ardhi iliyo juu yake? Enzi hizo wahandisi hawakuwa na hesabu ya kuaminika.

Mhandisi Evert Hoek alikuwa kijana tu wakati huo. Alizaliwa mwaka 1933 Rhodesia ya Kusini, yaani Zimbabwe ya leo, na Chuo Kikuu cha Cape Town alisomea uhandisi wa mitambo, si madini. Ila tangu 1958 alikuwa akitafiti kwa nini mwamba hupasuka ghafla katika migodi ya dhahabu yenye kina kirefu, na kazi hiyo hakuiacha tena.

Kisha Oktoba 1963, huko Vajont, Italia, ubavu wa mlima uliporomokea ndani ya bwawa. Maji yaliruka juu ya ukuta na kuua watu wapatao 2,000. Ukuta wa zege ulibaki umesimama; ulioshindwa ni mwamba.

Mwaka 1966 Hoek alihamia London kufundisha Imperial College, na huko ndiko kalamu yake ilikoshika kasi. Mwaka 1974, pamoja na John Bray, alitoa kitabu cha miteremko ya migodi ya wazi. Mwaka 1980, safari hii na Edwin Brown, kikafuata cha machimbo ya chini ya ardhi, chenye kurasa zaidi ya 500. Humo mna kanuni ya Hoek na Brown, ambayo hadi leo wahandisi wa migodi na mahandaki duniani kote huitumia.

Wazo la kanuni hiyo ni rahisi kulieleza. Kipande cha jiwe ukikipima maabara kinaweza kuwa kigumu kuliko zege, lakini mlima si kipande kimoja, umejaa nyufa. Nguvu yake inategemea nyufa ni nyingi kiasi gani na nyuso zake zikoje. Kwa hiyo Hoek alimtaka mhandisi ausogelee mwamba, aguse ufa: je, unakwaruza, au unateleza? Je, umejaa udongo wa mfinyanzi? Katika miaka ya 1990 alitengeneza kipimo cha hali ya mwamba kinachoanzia alama sifuri hadi 100, kinachosomwa kwa macho na mikono tu.

Alifanya pia ushauri wa kihandisi Vancouver na kufundisha Toronto. Lakini jambo linalostahili heshima kuliko yote ni kwamba maandishi yake ya kufundishia yamewekwa mtandaoni bure, mwanafunzi wa Dodoma ayapate sawasawa na profesa wa Kanada.

Tatizo ni kwamba yameandikwa kwa Kiingereza, na kwa wahandisi. Tanzania maelfu ya wachimbaji wadogo hushuka kwenye maduara, yaani mashimo yao ya kuchimbia, kila asubuhi. Mwaka 2015, Nyangalata wilayani Kahama, duara liliporomoka. Watano waliokolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, wakiwa wameishi kwa mende, vyura, mizizi na maji yaliyodondoka kwenye mwamba. Nchi nzima ilishangilia, na ilistahili. Lakini ni maduara mangapi yameporomoka bila muujiza wa namna hiyo?

Mchimbaji mzoefu anajua mwamba wake. Anausikia ukilia kabla haujaachia. Anachohitaji ni maarifa hayo yapangwe: dalili za ufa unaoteleza, umbali wa kuweka matimba, yaani nguzo za miti, siku ya mvua ambayo hapaswi kushuka kabisa. Wizara ya Madini na Chuo cha Madini Dodoma wana wataalamu wanaoweza kuandaa kijitabu cha namna hiyo kwa Kiswahili, chenye michoro, na kukigawa bure machimboni. Waanze kabla ya masika.