MAKOPO YETU NDIYO YALIYOUA MICHE



Katika mkutano uliopita lilitolewa pendekezo kwamba mtunza kitalu akatwe posho, kwa kuwa miche ya kahawa imekufa mikononi mwake. Wengi walipiga makofi. Ukuta huu unasema hapana, na tunaomba msome mpaka mwisho kabla ya kukasirika.

Kesho yake tulishuka kitaluni tukang'oa miche iliyokufa. Mizizi ilikuwa myeusi, imeoza, inanuka kama tope la kinamasi. Mche uliokufa kwa kiu hauko hivyo. Tukageuza makopo: la rangi, la maziwa, kipande cha dumu la mafuta ya kula. Mengi hayana tundu hata moja! Mengine yana katundu kamoja tu, nako kamezibwa na udongo. Lakini miche iliyo kwenye viriba vya magome ya mgomba, vile watu walivyovicheka ati ni vya kimaskini, imesimama vizuri na majani yake ya kijani. Mbegu ni zile zile, udongo ule ule, na mkono uliomwagilia ni ule ule. Sasa mtunzaji kakosa nini?

Kosa ni letu. Halmashauri iliagiza kila mwanachama alete makopo 10. Tukayaleta, yakahesabiwa, hakuna aliyeyageuza kutazama chini. Mhariri naye alileta yake, na matatu hayakuwa na tundu.

Jamani, mizizi inavuta hewa iliyomo katikati ya udongo. Maji yasipopata pa kutokea yanaijaza nafasi ile, mizizi inakosa pumzi, na kinyausi kinaingia. Majani yanalegea. Mtu akiyaona anadhani ni kiu, anaongeza maji! Na huku kwetu Kasulu na Kibondo mvua inaanza Oktoba au Novemba na kuendelea mpaka Mei, kwa hiyo hata usipomwagilia, kopo lisilo na tundu litajaa lenyewe.

Wapo wanaosema weka kokoto chini, yatosha. Haitoshi. Maji yatajaa kwenye kokoto kisha yapande, na mzizi wa kahawa unaotaka kwenda chini utakuwa umepunguziwa nafasi bure.

Kinachotakiwa ni msumari. Toboa matundu manne au matano kwenye kitako, na mengine ubavuni karibu na chini. Kopo la bati ligongwe kutokea ndani kwenda nje. Ukigonga kutokea nje, bati linanyanyuka kwa ndani kuzunguka tundu na maji yanabaki chini yake. Plastiki itobolewe kwa msumari uliopashwa moto, ushikwe kwa koleo, na kazi ifanyike uwanjani maana moshi ule si mzuri. Tundu la kupita kalamu linatosha. Likizidi hapo udongo unaondoka na maji. Kopo lisikalishwe juu ya udongo wa mfinyanzi, liwekwe juu ya vipande vya matofali. Makopo ya dawa za mimea yasiletwe kabisa, hata yakioshwa.

Mtu akiwa na viriba vya plastiki asiogope. Katazo la tarehe 1 Juni 2019 lilihusu mifuko ya kubebea bidhaa. Ila navyo vikaguliwe, si vyote vinakuja vimetobolewa.

Na kahawa hii si ya kuchezea. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, iliyoanzishwa mwaka 2001, ina kituo Mwayaya, wilaya ya Buhigwe, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Kasulu yetu. Taasisi hiyo imetoa aina zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani. Wataalamu wamehangaika miaka mingi ili mti usife shambani, sisi tunauzamisha kwenye kopo la rangi kabla haujafika huko!

Jumamosi saa mbili asubuhi tukutane kitaluni. Kila mwanachama aje na nyundo na msumari, atafute makopo aliyoyaleta mwenyewe, ayatoboe. Mhariri ataanza na yake matatu. Suala la posho tunamwomba Ndugu Mwenyekiti aliondoe kwenye ajenda ya mkutano ujao.

Mhariri