Likizo ya Mwezi Mzima Kando ya Ziwa

Msomaji wetu mmoja, mkulima wa chai wa Limuru, ametuletea swali ambalo yafaa lijibiwe mbele ya wote. Asema mwanawe, karani kama mimi, amepewa likizo ya siku thelathini, na kila Julai baridi na ukungu wa huko humsumbua sana mkewe kifua. Mombasa aiona mbali na ya gharama. Je, kijana awapeleke mkewe na watoto Kisumu mwezi mzima, au huko ni kutupa fedha ambazo zingenunua mabati ya nyumba?

Mimi nasema waende, tena wakae mwezi. Wengi wanaoisema vibaya Kisumu ni wale waliofika jana wakaondoka leo. Wameona jua kali, wamekula samaki, basi. Limuru iko juu ya mita 2,000; Kisumu iko kwenye mita 1,130 hivi, karibu kabisa na mstari wa Ikweta, na mwezi wa Julai mtu hahitaji koti isipokuwa jioni mvua ya radi inapotoka ziwani.

Mji wenyewe ni mtoto wa meli na gari la moshi. Zamani watu walikutana hapo kubadilishana vyakula, na Waluo husema jina la Kisumu latokana na biashara hiyo. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika ziwani Desemba 1901, na mahali hapo pakaitwa Port Florence, kwa jina la Bibi Florence Preston, mke wa mhandisi aliyesimamia utandikaji wa reli. Lakini meli iliitangulia reli: William Mackinnon, iliyoundwa Scotland, ililetwa vipande vipande, ikaungwa ufukoni na kutiwa majini mwaka 1900. Kwa miaka thelathini hivi mizigo ya Uganda ilipita hapo. Reli ilipofika Kampala mwaka 1931, Kisumu ikapungukiwa na kazi. Na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, meli zikagawanywa. MV Victoria, iliyoungwa Kisumu na kuanza safari mwaka 1961, ikawa mali ya Tanzania. Gati likakaa kimya miaka mingi, hata meli ya Uhuru ilipofufuliwa mwaka 2019 ikaelekea tena Uganda. Nayaandika haya kwa sababu mgeni asiyeyajua huona vyuma vya kutu tu pale bandarini.

Msikiti wa Jamia wa mwaka 1919, mnara wa saa uliofunguliwa mwaka 1938 na maduka ya zamani ya Wahindi vyaweza kutazamwa asubuhi moja. Ziwa ndilo lisilotazamwa kwa asubuhi moja. Omena, yaani dagaa, huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika, kwa kuwa samaki hawaifuati taa. Tena serikali imeweka miezi ya kufunga uvuvi wa omena, tangu Aprili hadi mwisho wa Julai, ili wapate kuzaana. Basi atakayeanza likizo katikati ya Julai ataona kwanza maji yenye giza, kisha Agosti, mwezi usipokuwepo, taa nyingi mbali kama mji mwingine. Watoto wake hawatalisahau jambo hilo.

Wakiisha kuzoea, wachukue basi hadi Luanda Kotieno, wavuke kwa feri mpaka Mbita, kisha waingie Rusinga. Huko ndiko alikozikwa Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Na huko ndiko Mary Leakey alikolipata mwaka 1948 fuvu la Proconsul, mnyama wa jamii ya nyani aliyeishi mamilioni ya miaka iliyopita.

Juu ya mabati: hoteli kwa mwezi itayala yote. Chumba cha kupanga, jiko lao wenyewe na mboga za soko la Kibuye ni jambo jingine. Wala asifikie kwa jamaa. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na mwezi una siku thelathini.

Sasa neno zito. Wenyeji wa ziwani wameishi na malaria tangu utoto; mtoto wa Limuru hana kinga hiyo, na homa ambayo mwenzake huivumilia yaweza kumwua. Kabla ya safari wamwone daktari awape dawa ya kujikinga, wala wasiache kuimeza watakaporudi mpaka siku alizozitaja ziishe. Kila kitanda kiwe na chandarua chenye dawa. Watoto wasioge wala kuchezea maji ya ufukoni, maana yana kichocho, na viboko hutoka majini jioni. Na kama mmoja wao atapata homa majuma kadhaa baada ya kurudi, wakati Limuru yote inakohoa na kila mtu asema ni mafua, wampeleke hospitali siku ile ile, na neno la kwanza wamwambie daktari kwamba walikuwa Kisumu.