Mbwa anayebweka usiku kucha

Katika lupango ninamopanga chumba, hapa Lubumbashi, kuna mbwa aliyefungwa kwenye mwembe. Mnyororo wake haufiki mita 2. Amekanyaga ardhi kuzunguka mti mpaka haioti hata jani moja, na mvua zikianza pale panakuwa tope, naye analala humo. Mwezi wa 6 na wa 7, baridi inapotulaza na makoti, yeye analala palepale. Langoni pameandikwa «Chien méchant». Jina hana. Sote twamwita imbwa, basi.

Mwaka jana wezi waliingia. Walichukua betri ya jirani, sufuria mbili na viatu vilivyoachwa nje. Mbwa alibweka tangu saa sita ya usiku hadi alfajiri, na hakuna aliyeinuka. Tungeinukia nini? Hubweka kila usiku: panya akipita, motokari ikipita, mlevi akiimba. Sisi tunaosoma isimu tulipaswa kuelewa hilo kabla wezi hawajatufundisha. Saussure alionyesha kwamba ishara hupata thamani yake kwa kutofautiana na ishara nyingine. Sauti ambayo ni ileile, apite paka au apite mwizi, haitoi habari yoyote. Mbwa aliyefungwa hawezi kusogea anuse, hawezi kumtambua anayeingia, hawezi hata kukimbia akiogopa. Imembakia kelele tu, nasi twasema analinda.

Wenye nyumba watajibu, na hawakosei katika yote: lupango mmoja una familia nne, watoto wanacheza uani, mbwa mkali akiachwa ovyo atauma mtu. Ni kweli. Lakini ukali huo unatoka wapi? Utafiti uliofanywa Denver, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1994, ulikuta kwamba mbwa wanaofungwa mnyororo uani walikuwa na uwezekano wa karibu mara 3 zaidi wa kuwa miongoni mwa waliouma watu. Na kuumwa si jambo dogo: karibu visa vyote vya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na mbwa, na dalili zikishaonekana ni vigumu sana mtu kupona.

Kwa hiyo sisemi tukate minyororo kwa siri, kama alivyopendekeza mwenzangu mmoja kwa hasira (yeye hapangi kwetu). Nasema tuongee na mwenye nyumba, na tusianze na neno «ukatili». Mimi nilianza nalo. Papa aliniuliza kama kodi ya miezi miwili nimeshalipa. Mara ya pili nilianza na wezi, hapo akanisikiliza.

Tulinunua waya mnene sokoni, tukaukaza juu ya vichwa, toka kwenye mwembe hadi kwenye nguzo ya choo, kama mita 10. Mnyororo unateleza juu yake kwa pete, na tulitia fundo karibu na mti ili asijizungushe. Sasa anafika kivulini, anafika kwenye ndoo ya maji, ila hafiki pale watoto wanapopita. Chini ya ukanda wa shingo tulikuta kidonda. Tukamvalisha ukanda mpana, unaopitisha vidole viwili. Usiku, lango likishafungwa, kijana mkubwa wa Papa anamfungua kabisa. Wiki ya kwanza aliendelea kuzunguka mwembe, katika duara lilelile, ingawa hakuna kilichomshika.

Juzi usiku alibweka mara tatu, akanyamaza. Papa akatoka na tochi, akanikuta mimi, nimechelewa kurudi.

Chanjo bado. Mganga wa mifugo anataka alipwe, na wapangaji wawili kati ya wanne wanasema mbwa si wao, ingawa wezi walipita mlangoni kwao pia. Nitawagongea tena Jumamosi.