Hodi Isiyojibiwa

Mjini Sigor, Kaunti ya Bomet, iko ofisi ndogo ya ushirika wa wafugaji ambayo kompyuta yake moja imebeba majina ya wanachama, kilo za maziwa wanayoleta kila asubuhi na fedha wanazodai. Kijana anayeitunza aliniambia kwa fahari, "Mwalimu, mashine yetu nimeificha. Mtu wa nje akiipigia hodi, haitoi hata sauti." Nilimpongeza, ila fahari yake ilinitia wasiwasi.

Kila kompyuta iliyo mtandaoni ina milango yenye nambari, kufikia 65,535, ambamo programu zake hupokea ujumbe. (Wako wanaoiita bandari, mimi sioni meli hapo, nitashika mlango.) Mpekuzi hutuma ujumbe mfupi kwenye mlango mmoja baada ya mwingine. Ikiwapo programu inayosikiliza, atakaribishwa. Isipokuwapo, mashine kwa adabu zake itamjibu kwamba hapa pamefungwa. Jibu hili la pili ndilo lenye kasoro, maana anayesema "hatupo" yupo. Kwa hiyo mfumo endeshi, yaani programu kuu inayotawala mashine, waweza kuamriwa uumeze ujumbe huo bila kujibu lolote. Linux imekuwa na chombo cha kazi hiyo, iptables, tangu 2001, na sasisho la Windows XP la mwaka 2004 lilikuja na ukuta wa ulinzi ukiwa tayari umewashwa.

Yamkini wako watakaosema Sigor ni mbali, nani atatujua? Mnamo 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walitoa programu iitwayo ZMap, yenye uwezo wa kubisha mlango mmoja wa kila anwani ya IPv4, na anwani hizo ni kama bilioni nne, kwa muda usiozidi dakika 45. Anayebisha hivyo hachagui mji wala kijiji.

Basi kujificha kuna faida. Hata hivyo, sisi tunaochunguza mazungumzo twajua kwamba kimya nacho ni jibu. Pale ambapo hapana mashine kabisa, mara nyingi ruta iliyo karibu humwarifu mbishaji kwamba hakuna anayefikika. Kimya kitupu humdokezea kwamba kuna mtu nyuma ya mlango, amejibana.

Tena mlango unaotumika hauwezi kunyamaza. Kijana wetu alikuwa ameziba yote isipokuwa wa 3389, ili mhasibu aliyeko Bomet aingie kutoka mbali, kwa neno la siri linalojulikana na ofisi nzima! Mlango huo ulistahili kufunguliwa kwa anwani ya mhasibu tu, na neno la siri liwe lake peke yake.

Na yako madhara ya ndani. Mei 2017 programu haribifu ya WannaCry ilipitia mlango wa 445, ikaruka kutoka kompyuta hadi kompyuta na kuzikwamisha hospitali nyingi za Uingereza. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha ufa huo tangu Machi mwaka huo huo. Mashine inayowanyamazia wageni lakini ikawajibu majirani zake wa chumba kimoja isingeokoka bila kiraka hicho.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 humtaka anayehifadhi habari za watu azilinde, na zikivuja kwa namna inayowahatarisha wenyewe, amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Mzigo huo ni wa viongozi wanaonunua kompyuta kwa hotuba, kisha wakamwachia kijana mmoja bila muda wala fedha za kuitunza.

Nilimwomba aiamuru mashine iorodheshe programu zote zinazosikiliza. Zikatokea kumi na moja. Alijua kazi ya nne. Tukaanza kuzichunguza zile saba, moja moja, na ile isiyo na mwenyewe tukaizima.