Kanada: Fedha za nishati safi zipo, mmiliki wa mtambo ni nani?

Na Mwandishi Wetu

KIJIJI cha Old Crow, kilichoko kaskazini ya mbali ya eneo la Yukon nchini Kanada, hakina barabara inayokiunganisha na mahali pengine popote. Kwa miaka mingi dizeli ya kuendeshea jenereta zake imekuwa ikipelekwa kwa ndege.

Mwaka 2021 wakazi wake wapatao 250, wengi wao wa jamii ya Vuntut Gwitchin, walikamilisha mtambo wa umeme wa jua wa kilowati 940. Fedha za serikali zilichangia ujenzi wake, lakini mwenye mtambo ni jamii yenyewe, ambayo huiuzia kampuni ya usambazaji umeme kwa mkataba wa miaka 25. Makadirio ni kwamba unaokoa lita 189,000 za dizeli kila mwaka.

Habari ni njema, ila ina kasoro moja ya kijiografia. Old Crow iko ndani ya eneo la Aktiki, ambako wakati wa kiangazi jua halizami na katikati ya majira ya baridi halichomozi kabisa. Kipindi ambacho watu wanahitaji nishati kuliko wakati wowote ndicho paneli zinapolala, na jenereta zinarudi kazini.

Huko Fort Chipewyan, jimbo la Alberta, hali inafanana. Jamii tatu za wenyeji asilia ziliungana kuanzisha kampuni yao, na mwaka 2020 zikakamilisha mtambo wa jua wa megawati 2.2. Serikali kuu ilitoa dola milioni 4.5 za Kanada na jimbo likaongeza milioni 3.3. Mtambo huo unaokoa takribani lita 800,000 za dizeli kwa mwaka, sawa na robo ya mahitaji ya umeme ya mji huo. Robo tatu zilizobaki bado zinatokana na dizeli.

Ndiyo maana mjadala umeanza kuhama kutoka kwenye jua kwenda kwenye mafuta safi, yaani yale yanayoweza kuhifadhiwa na kuchomwa wakati wa baridi: vipande vya kuni, gesi inayotokana na taka, dizeli ya mimea na haidrojeni. Mwaka 2021 serikali kuu ilizindua mfuko wa mafuta safi wenye dola bilioni 1.5, ukiwa na dirisha maalumu la miradi inayoongozwa na wenyeji asilia. Mwaka uliofuata ulianzishwa mpango wa Wah-ila-toos, wenye dola milioni 300, kwa ajili ya vijiji vinavyotegemea dizeli.

Kwa mtazamo wa mbali, fedha hizo ni nyingi. Tatizo ni namna zinavyotolewa. Ruzuku za aina hii hupatikana kwa kushindanisha maandiko ya miradi. Kijiji kinatakiwa kiwe na upembuzi yakinifu, mahesabu ya kihandisi na mtu wa kuyaandika yote hayo kwa lugha ya wizara. Kijiji chenye watu mia tatu na ofisi yenye watumishi wanne hakianzii mstari mmoja na jamii kubwa iliyo jirani na mji. Mara nyingi anayelipwa kwanza ni mshauri mwelekezi kutoka mjini.

Kuna kikwazo kingine kinachosahaulika. Sheria ya mwaka 1876 inayowahusu Wahindi Wekundu, kama walivyoitwa enzi hizo, bado inatumika. Kwa mujibu wake, mali ya mwenyeji asilia iliyomo ndani ya ardhi waliyotengewa haiwezi kuwekwa rehani kwa mtu asiye mwenyeji asilia. Kifungu hicho kiliwekwa ili kuwalinda wasinyang'anywe, na kwa kiasi fulani kimewalinda. Lakini benki isiyoweza kushika rehani haikopeshi, au hukopesha kwa riba ya kuumiza.

Serikali ilijaribu kuziba pengo hilo kwa dhamana ya mikopo: dola bilioni 5 katika bajeti ya mwaka 2024, zikaongezwa maradufu kuwa bilioni 10 Machi 2025. Dhamana si fedha taslimu. Serikali inaahidi kulipa endapo mkopaji atashindwa, na kwa hiyo riba inashuka.

Dhamana ya kwanza ilitangazwa Mei 2025, nayo ilikuwa ya dola milioni 400. Haikwenda kwenye mafuta safi. Ilizisaidia jamii 36 za British Columbia kununua asilimia 12.5 ya mtandao wa mabomba ya gesi asilia wa kampuni ya Enbridge.

Si haki kuzilaumu jamii hizo. Bomba linaingiza fedha tangu siku ya kwanza, na mabomba yamepita katika ardhi zao kwa miongo mingi bila wao kuwa na hisa. Hata hivyo, tukio hilo linaonyesha mkopo unapenda nini: mali ambayo tayari ina mapato. Kiwanda kipya cha mafuta safi hakina mapato hadi kikamilike, na wakati huo mkopo tayari unadai riba.

Mradi wa Meadow Lake, Saskatchewan, unaeleza jambo hilo kwa upande wa pili. Tangu 1998 jamii tisa za huko zinamiliki kiwanda cha kupasulia mbao cha NorSask kwa asilimia 100. Magome na maranda yake yalikuwa yakichomwa bure. Mwaka 2022 walifungua mtambo wa megawati 8.3 unaogeuza mabaki hayo kuwa umeme na joto, na serikali kuu ikachangia dola milioni 52.5. Ruzuku ilikuta malighafi, kiwanda na mnunuzi wa umeme vikiwa tayari mikononi mwao.

Vijiji vingi vya kaskazini havina kiwanda cha mbao wala bomba la kununulia hisa. Kwao, kati ya milango hiyo miwili, uliobaki wazi ni wa ruzuku, na fedha za Wah-ila-toos zilitengwa hadi mwaka 2027. Mtambo wa kuchoma vipande vya kuni huchukua miaka kadhaa tangu andiko la kwanza hadi moto wa kwanza. Kijiji kinachoanza kuandika leo hakina hakika kwamba dirisha litakuwa wazi zamu yake itakapofika.