Ukurasa wa Vijana: Khabari Isiyo na Sanadi

Siku hizi kijana akitaka kumjua mwanachuoni aliyefariki kabla yeye hajazaliwa, hamwendei mzee wala hafungui kitabu. Huandika jina katika simu yake, na mara nyingi jibu la kwanza alipatalo hutoka katika Wikipedia, kamusi elezo iliyoanza mwaka 2001, na ambayo ya Kiswahili ilifunguliwa mwaka 2003. Hatumlaumu. Twamwuliza neno moja tu: hayo uliyoyasoma, yamepokewa kwa nani? Swali hili si geni kwetu. Imam Bukhari, aliyefariki mwaka 870, hakuridhika na hadithi mpaka ajue imepita kwa nani na nani, na kama watu hao walikuwa wa kuaminiwa.

Kamusi hiyo huandikwa na yeyote apendaye, bila ya malipo. Ndiyo nguvu yake, na ndiyo hatari yake. Makala nyingi za Kiswahili ni fupi mno, na nyingine hazina tanbihi hata moja. Mtu huweka mwaka wa kubahatisha. Wa pili huunakili. Wa tatu huutia katika kitabu. Kisha wa nne hukileta kitabu kile kile kuwa ushahidi wa ule mwaka. Khabari imezunguka ikarudi ilikotoka, na wote wanne wadhani wameithibitisha. Na programu za akili bandia, ambazo vijana wetu huziuliza kila kitu, nazo zimefundishwa kwa maandishi ya namna hiyo.

Tutwae mfano wa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa. Mwenye mapenzi naye ataanza makala kwa kusema kuwa alikuwa bahari ya elimu, taa ya Pwani, asiye na mfano. Msomaji wa mbali atamaliza mistari mitatu asijue mtu huyu aliishi lini wala alifanya nini. Utangulizi ufaao husema hivi: Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947) alikuwa mwanachuoni wa Kiislamu wa Mombasa, mwanzilishi wa gazeti la Al-Islah mwaka 1932, na Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hadi alipofariki. Hayo yatosha kumtambulisha, na yatosha pia kumtenga na mwanawe, Profesa Ali Mazrui (1933–2014), mtaalamu wa siasa aliyefundisha Makerere na Marekani, kwani majina yao huwachanganya wengi. Sifa zake zitaonekana katika kazi zake. Na dua za kumrehemu, ambazo hatuachi kumwombea nyumbani na msikitini, si mahali pake katika kamusi isomwayo na watu wa kila dini.

Baada ya utangulizi huja kazi nzito zaidi, ya kuweka vyanzo. Kila mwaka, kila cheo, na kila neno liwezalo kubishaniwa, liwe na tanbihi yenye jina la mwandishi, jina la kitabu, mwaka wa kuchapwa na ukurasa. Kwa Sheikh huyu vyanzo vipo. Randall Pouwels alichapisha utafiti mrefu juu yake mwaka 1981, na makala za Sheikh mwenyewe zilikusanywa katika kitabu cha Uwongozi. Lakini maneno ya mtu mwenyewe hushuhudia fikira zake tu. Ukubwa wake na aushuhudie mwingine. Wala usinakili kurasa za kitabu ukazibandika. Soma, fahamu, kisha andika kwa maneno yako.

Hapa pana jambo zito. Khabari nyingi za wanavyuoni wetu hazimo vitabuni. Zimo vifuani mwa wazee. Kamusi elezo haipokei kauli ya babu, hata akiwa mkweli kuliko kitabu, kwa sababu msomaji wa Kigoma au wa Muscat hana njia ya kumwendea amwulize. Wako waonao kuwa huko ni kutudharau. Sisi twaona ni haki kwa kamusi, na ni deni kwetu. Sheikh Abdullah Saleh Farsy alilipa fungu lake: mwaka 1972 kilichapwa Mombasa kitabu chake juu ya wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika, na leo mtu aweza kutaja ukurasa wake. Waliokaa na mama zetu waliosomesha Kurani mabarazani na nyuani, je, ni nani amewaandikia? Mzee yungali hai. Nendeni na daftari, andikeni jina, mahali na tarehe, kisha mtafute gazeti au mchapaji wa kuyatoa. Yakishachapwa, na yakaonekana na watu wengine, ndipo kamusi itakapokuwa na cha kutegemea.

Na atakayeanza leo asianze na babu yake mwenyewe, maana mapenzi hupotosha kalamu. Achague makala moja fupi ya mtu au mji ambao ana kitabu chake mkononi, aurekebishe utangulizi, aweke tanbihi mbili au tatu, na aeleze kwa ufupi alichobadili. Akifutiwa, asigombane. Afungue ukurasa wa majadiliano wa makala hiyo, ataje kitabu na ukurasa, angoje jibu.